Miaka Sita Ndani ya Mitatu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, leo nawapeleka Walikale na Masisi, huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Walikale ni nchi ya msitu. Barabara kuu itokayo Bukavu kwenda Kisangani hupita humo, na mvua ikinyesha, tope lake hunasa malori kwa siku nyingi. Ukielekea mashariki unapanda Masisi, na macho yanaona mambo mengine kabisa: vilima vya kijani, ng'ombe, mashamba ya viazi ambavyo wenyeji huviita birayi, na jibini inayosifika katika mji mzima wa Goma.

Wanyanga wa Walikale wana shujaa wao, jina lake Mwindo. Huyu alizaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hakutaka mtoto wa kiume, basi akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na nguvu zake, akamsaka baba yake hadi kuzimu, na mwishowe wakagawana utawala. Mwaka 1956 msimulizi Shé-kárisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck habari hizo zote, akiimba na kucheza, kwa siku 12. Zikachapishwa kitabuni mwaka 1969.

Nawaeleza hayo kwa sababu simulizi kama hilo ndilo lililokuwa darasa la vijana kabla ya ubao na chaki. Ndani yake mtoto alijifunza majina ya wanyama na mito, adabu kwa wazee, na namna watu waliogombana wanavyopatana. Na penye moto wa msimulizi hapakuwa na darasa la kwanza wala la sita. Ukija na miaka mitano, unakaa. Ukija na miaka kumi na mitano, unakaa vilevile.

Shule ya siku hizi haiko hivyo. Mtoto wa Kongo huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na shule ya msingi ina madarasa 6. Haya, tuseme kuna msichana wa Nyabiondo, Masisi. Yuko darasa la pili, silabi ndiyo kwanza zinaanza kumkaa kichwani, risasi zinalia. Familia inakimbilia Sake na godoro moja na sufuria. Wanakaa huko, wanarudi kijijini, wanakuta shule imelaliwa na wapiganaji na madawati yamekuwa kuni. Wanahama tena. Anapotimiza miaka 12, kuandika jina lake bado ni kazi. Mwalimu amweke wapi? Akikalishwa na watoto wa miaka sita, magoti yanagonga dawati, wadogo wanamcheka, na siku ya tatu hamwoni tena.

Msichana huyo nimemtunga mimi, ila wenzake wa kweli ni wengi mno. Vita vya huko ni vikongwe kuliko wazazi wa baadhi yenu. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, na moto ukasambaa hadi Masisi. Mwaka 1996 vikaja vita vikubwa, 1998 vingine, na baada ya hapo makundi yenye silaha hayakukoma kuzaliana. Januari 2025 mapigano yaliifikisha miji ya Masisi-Centre na Goma mikononi mwa waasi wa M23, na Machi mwaka huohuo yakafika Walikale-Centre. Kila safari shule hufunga mlango mapema na kuufungua kwa kuchelewa.

Basi Kongo ina dawa ya tatizo la yule msichana. Watu huiita ratrapaje, yaani masomo ya kufidia, na vituo vyake vimekuwapo Kivu Kaskazini kwa miaka mingi, vikiwa chini ya serikali na kusaidiwa na UNICEF pamoja na mashirika mengine. Hesabu yake ni rahisi. Ngazi ya kwanza hubeba darasa la kwanza na la pili. Ya pili hubeba la tatu na la nne. Ya tatu hubeba la tano na la sita. Miaka sita inaingia ndani ya mitatu, na mwisho wake ni mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, uleule wanaoufanya watoto wengine wote.

Mtauliza, inawezekanaje? Nami nawajibu: mtoto wa miaka 12 si mtupu. Ametumwa sokoni tangu mdogo, chenji anaijua. Amepika, ameuza mkaa, amelea wadogo zake, ameongea lugha mbili au tatu. Mwalimu hana haja ya kumfundisha tano na tatu kwa vijiti mwezi mzima. Anamwonyesha namna ya kuandika hesabu anayoifanya kichwani kila siku, wanasonga. Silabi nazo zinakwenda kwa Kiswahili, ba be bi bo bu, maana sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu watoto waanze kwa lugha za taifa, na Kifaransa kinafuata. Darasani mna Mhunde, Mnyarwanda, Mnyanga, Mtembo. Kiswahili kinawaweka kwenye benchi moja. Watoto ambao wazazi wao walikimbiana wanaazimana kalamu, na mimi nalihesabu hilo kuwa somo kubwa kuliko mengi yaliyoandikwa kwenye vitabu.

Mara nyingi vituo hivi hutumia majengo ya shule za kawaida, mchana, wanafunzi wa asubuhi wakishaondoka. Pasipokuwa na jengo, darasa huwa chini ya turubai. Huko ndiko linakofaa sanduku moja ambalo ningependa mlione. Ni la bati la alumini, lina kufuli, na UNICEF walianza kulitumia wakati wa machafuko ya Rwanda miaka ya 1990. Limo daftari, penseli, vifutio na mikasi ya kuwatosha watoto 40, saa ya mbao ya kufundishia majira, vipande vya kuhesabia na chati za herufi. Kifuniko chake hupakwa rangi maalumu iliyomo humohumo sandukuni. Ukilifungua na kukisimamisha, tayari ubao upo. Mwalimu anachukua chaki, anaandika tarehe juu kushoto, na shule imeanza.

Waliokwisha pita umri wa ratrapaje hutafutiwa kitu kingine: ushonaji, useremala, uashi, kuoka mikate, kutengeneza sabuni. Humo pia kusoma na kuhesabu hakuachwi. Fundi asiyejua kupima anaharibu kitambaa cha watu. Na kwa Masisi na Walikale jambo hili lina uzito wake. Rubaya, Masisi, inatoa koltani inayotengenezewa vifaa vilivyo ndani ya simu. Bisie, Walikale, ni mlima wa madini ya bati, ambako kwa miaka mingi wabebaji walishuka msituni na magunia ya kilo 50 mgongoni. Kijana asiyejua kusoma mizani hulipwa anachoambiwa. Anayejua husema, "Baba, pima tena."

Kuna na jambo la kujua kujisemea. Katika shule kadhaa za Kongo wanafunzi huchagua serikali yao wenyewe, ikiwa na waziri mkuu wake na mawaziri wake. Waziri wa usafi ana miaka kumi na moja, na anakwenda kumweleza mkuu wa shule kwamba choo cha wasichana hakina mlango. Msicheke. Mlango ule ukikosekana, wasichana wakubwa hubaki nyumbani, na aliyelijua hilo kwanza ni mtoto mwenyewe. Nani mwingine angelisema?

Sasa niwaambie na upande unaoniuma. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 ilitamka kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini wazazi waliendelea kutoa prim, yaani pesa za kuwalipa walimu, hadi 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoanza kuutekeleza ubure huo. Watoto wakafurika, ikawa furaha. Ila walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara, na vijijini wapo waliofundisha miezi na miezi bila kulipwa. Mwalimu mwenye njaa akienda kulima, darasa zima linakwenda naye.

Tena misaada ya dharura mara nyingi hutolewa kwa mwaka mmoja, au chini ya hapo. Ratrapaje ni miaka mitatu. Mradi unapokwisha katikati, mtoto wa ngazi ya pili anaachwa mlangoni kwa mara nyingine, na safari hii hakuna risasi ya kulaumu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la watu wazima, wa serikalini na wa mashirika, na lina tiba: anayefungua kituo na atenge fedha za ngazi zote tatu tangu siku ya kwanza. Wenye silaha nao wakae mbali na madarasa. Kongo iliunga mkono Azimio la Shule Salama mwaka 2016, na ahadi hiyo bado inadaiwa.

Ninyi mnaonisikiliza mna kazi yenu pia. Angalieni jirani. Akiwapo mwenzenu wa miaka kumi au kumi na mbili anayechunga ng'ombe au kubeba mizigo saa za masomo, mwambieni kwamba kuna darasa la rika lake, na kwamba atafanya mtihani uleule mnaoufanya ninyi. Mtu akimcheka kwa urefu wake, mteteeni. Kisha nendeni naye kwa mkuu wa shule iliyo karibu, mkaulize kituo kiko wapi na kinaandikisha lini.