Polisi na avoka juu ya kesi moja



Tarehe 20 Julai 2006 nchi yetu ilipata sheria namba 06/018 na 06/019. Mwenye kubaka hufungwa miaka 5 mpaka 20. Polisi aliyepokea malalamiko sharti aijulishe parke katika saa 24, na daktari aitwe ampime mama. Avoka humsimamia mama katika hatua zote.

Kwa nini basi wafundishwe pamoja? Polisi akiandika ovyo, bila siku wala mahali, avoka atafika mbele ya hakimu mikono mitupu. Na avoka asipowaeleza watu kwamba nguo za siku ile zisifuliwe, polisi atashika ushahidi gani?

Lakini hospitali kwanza, hata kabla ya polisi: dawa ya kuzuia UKIMWI inatakiwa ianze kabla saa 72 hazijapita.

Machifu wetu, habari ya mbuzi mnaijua kuliko mimi. Faini iliyolipwa haifungi kesi ya ubakaji. Mbuzi ameliwa, na parke bado inaweza kumfuata mkosaji. Mpeni mama mtu wa kumsindikiza.