Sura ya Saba: Udongo Mwekundu, Ngozi na Mkono wa Mhariri

Mpige picha bibi harusi akipita kwenye barabara ya vumbi kule Katuba, Lubumbashi, mwezi wa nane, jua likiwa limeanza kushuka, kisha uiachie kamera iamue rangi yenyewe. Mara nyingi picha itatoka imepoa. Udongo umepauka, gauni jeupe limeingia ubuluu, na uso wa bibi harusi umekuwa wa majivu. Kamera ni nzima. Imefuata dhana ya zamani iliyotiwa ndani yake, kwamba ukichanganya rangi zote za mandhari, wastani wake utakuwa karibu na kijivu. Dhana hiyo inakubali penye lami, ukuta wa saruji na miti. Udongo wa Katanga, uliojaa chuma kilichoshika kutu, unapotanda nusu ya picha, inashindwa. Kamera inaudhania wekundu ule kuwa kasoro ya mwanga, inaufuta kwa kutia buluu kila mahali, na anayeumia ni mtu aliyesimama juu ya udongo huo. Kamera na simu za siku hizi zina akili zaidi, zinatambua nyuso na anga, lakini dhana ile haijatoka.

Ndiyo maana kazi ya rangi inaanza na mizani ya weupe, kabla hujagusa kitu kingine. Tafuta kwenye picha kitu ambacho unajua hakina rangi yake: kadi ya kijivu ya mpiga picha, au nguzo ya saruji iliyo kwenye mwanga uleule. Gauni la harusi linashawishi, lakini lina hila, kwa sababu vitambaa vyeupe vya kiwandani mara nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayorudisha mwanga wa kibuluu. Jua la mchana lina takriban kelvini 5500. Kivuli kilichoangaziwa na anga tupu kinafika 7000 au 8000, na balbu ya kizamani iko karibu na 2700. Ukivijua viwango hivi, utajua pia uelekee wapi pale ambapo hakuna kitu cha kijivu cha kukusaidia.

Piga kwa RAW ukiweza. Kihisi cha kamera karibu zote kimefunikwa na vichujio vidogo vilivyopangwa kwa mtindo wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976: nusu ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Faili ya RAW inahifadhi vipimo vya kihisi hicho kabla ya kamera kuamua lolote, mara nyingi kwa ngazi 16,384 katika kila kipimo. JPEG inabakiza 256, na uamuzi wa mizani umekwisha kugandishwa humo. Kwa hiyo picha ya Katuba iliyopigwa kwa RAW inapashwa joto bila kupoteza kitu, na ile ya JPEG inaanza kupasuka kwenye mashavu na kwenye anga.

Sasa tufike kwenye jambo gumu zaidi la mji huu, ambalo sijaona vitabu vya uhariri vikiligusa. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tititi au nyeupe, ikipimwa kwenye duara la rangi huangukia eneo la machungwa. Watu hutofautiana sana katika wingi wa mwanga unaorudishwa na ngozi, ila aina ya rangi yenyewe inatofautiana kidogo. Programu za uhariri zinalitegemea jambo hilo. Kitelezi cha uhai wa rangi katika Lightroom, kwa mfano, hukoleza zaidi rangi zilizofifia na kulionea huruma eneo la machungwa ili nyuso zisiungue. Lakini udongo wa Lubumbashi uko wapi kwenye duara hilo? Palepale. Matofali ya kuchoma ya nyumba za mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, palepale. Ukivuta kitelezi cha machungwa ili barabara ipendeze, umempaka bibi harusi udongo. Ukikirudisha ili uso upone, barabara inakufa.

Hakuna kitelezi cha jumla kitakachotatua hilo, na anayeahidi kuboresha rangi kwa mguso mmoja hajawahi kufanya kazi kwenye udongo wetu. Dawa ni maski: unachora mpaka kuzunguka uso, shingo na mikono, kisha unahariri ndani ya mpaka peke yake na nje peke yake. Lightroom na darktable zinaifanya kazi hii vizuri, na darktable haina malipo. Kwenye simu, Snapseed ina brashi inayotosha kwa picha nyingi. Anza na ngozi, uimalize, ndipo uende kwenye ardhi. Na kidevu kikiwa na wekundu kidogo, usiufute wote. Ni mwanga wa jua uliogonga udongo ukarudi juu, na ukiuondoa kabisa mtu anaonekana kama amekatwa na kubandikwa.

Tukumbuke pia kwamba zana tulizorithi hazikutengenezwa kwa nyuso zetu. Kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba rangi za kahawia zilipewa umuhimu baada ya wauza samani na watengenezaji wa chokoleti kulalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Malalamiko ya wazazi kuhusu nyuso za watoto wao hayakuwa yametosha. Uzito wa historia hiyo bado unaonekana katika mazoea ya kung'arisha kila ngozi nyeusi mpaka ifanane na ya mtu mwingine. Ngozi nyeusi ina uzuri katika mng'ao wake: kwenye paji la uso na mfupa wa shavu huakisi anga, na mng'ao huo huwa na ubuluu kidogo. Uache. Inua vivuli kiasi cha kuonyesha macho na mistari ya nywele, halafu simama.

Ukolevu una hesabu yake. Chukua pikseli ya udongo yenye nyekundu 220, kijani 110, buluu 60. Ukikoleza, nyekundu inapanda mpaka 255 na kugota hapo, wakati kijani na buluu zinaendelea kushuka. Mawe, nyayo na nyufa za ardhi hupotea, na barabara inakuwa bamba moja la rangi ya chungwa. Kwa hiyo uangalie histogramu ya nyekundu peke yake, kwani ile ya jumla itakuambia kila kitu ni salama hata baada ya nyekundu kugota. Vikwembe, yaani vitenge, vyenye rangi nzito vina hatari hiyohiyo. Zambarau ya mijakaranda, inayochanua mvua zikikaribia, ina shida tofauti: mara nyingi hutoka buluu mno, na hapo unasogeza aina ya rangi kidogo kuelekea nyekundu bila kugusa ukolevu. Kijani cha malakiti, jiwe la shaba linaloujulisha mkoa huu duniani, huhitaji kupunguziwa ung'avu kuliko kukolezwa.

Kuna pia uamuzi wa kutotia rangi. Mwaka 2006 mpiga picha Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mfululizo wa Mémoire. Alichukua watu kutoka picha za kumbukumbu za enzi ya ukoloni, wafanyakazi wa migodi na wakubwa wao, akawaweka kwa kompyuta mbele ya picha zake za rangi za mitambo ya kampuni ya migodi ya Gécamines iliyoachwa kuota kutu. Picha za watu zimebaki za nyeusi na nyeupe. Nyuma yao chuma, vumbi na anga vina rangi zake. Kazi hiyo ilipata tuzo kwenye biennale ya picha ya Bamako mwaka 2007, na mwaka uliofuata Baloji alishiriki kuanzisha jumuiya ya Picha, inayoandaa Biennale ya Lubumbashi. Mbinu aliyoitumia anaweza kuijifunza yeyote mwenye kompyuta. Lililo kubwa ni kwamba aliiacha tofauti ya rangi ibebe miaka yote iliyo kati ya wale watu na ile mitambo.

Leo programu inaweza kuwatia rangi wafanyakazi hao kwa sekunde chache. Rangi hiyo ni makisio. Programu imejifunza kutoka mamilioni ya picha za mahali pengine, na haijui sare ile ilikuwa ya rangi gani wala vumbi lililoshika mabegani lilitoka shimo lipi. Napinga utiaji rangi huo kwa picha za kumbukumbu zinazotolewa kama ushahidi. Kwa picha ya babu itakayotundikwa sebuleni, familia ina haki ya kuchagua, mradi nakala ya asili ihifadhiwe, na nyuma ya ile mpya iandikwe kwamba rangi zimetiwa.

Ikibaki hatua ya kuchapisha kwenye karatasi, hifadhi nakala katika nafasi ya rangi ya sRGB, ambayo mashine nyingi za kuchapishia huitarajia. Skrini ya simu inang'aa kuliko karatasi yoyote, hivyo ipunguze mwanga kabla ya kuhukumu ngozi. Chapisha kwanza kipande kidogo chenye uso na udongo pamoja, kisha ukitazame nje, mchana.