Pilipili kali: Faida na hasara huanzia kwenye mbegu

WAHENGA waliuliza: pilipili iliyo shamba yakuwashiani? Kwa mkulima anayelima kwa ajili ya soko jibu ni rahisi. Iliyo shamba ndiyo inayowasha mfuko wake, na mara nyingi huanza kuuwasha siku ile anapoweka mbegu kwenye udongo.

Mbegu mbaya ya mchicha hujulikana ndani ya wiki tatu, na mkulima akalima upya. Mbegu mbaya ya pilipili mbuzi hujulikana baada ya miezi mitano hivi. Wiki mbili hadi nne hupita ikisubiriwa kuota, nyingine sita hadi nane miche ikiwa kitaluni, kisha miezi mitatu au zaidi shambani kabla ya tunda la kwanza kuiva. Wakati huo maji, samadi na vibarua vimeshalipwa. Ndipo mkulima anagundua kwamba nusu ya miti imezaa matunda marefu yasiyofanana na yale aliyomwahidi mnunuzi.

Kwa sababu hiyo, mkulima mdogo anayetaka kuingia katika zao hili hana budi kuitazama kazi ya kuotesha miche nyumbani kuwa ndiyo biashara yenyewe.

Kichaa, mbuzi na zile za rekodi

Pilipili zilitoka Amerika na zikaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Katika Afrika Mashariki mbili ndizo zinazojulikana zaidi kwa ukali. Ya kwanza ni pilipili kichaa, ile ndogo nyembamba inayosimama wima mtini. Ya pili ni pilipili mbuzi, yenye umbo la mviringo uliokunjamana na harufu nzuri inayopendwa na wapishi.

Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville. Hoho tamu ina sifuri. Pilipili kichaa kwa kawaida hufikia kati ya 50,000 na 100,000, wakati jamii ya pilipili mbuzi huweza kufika kati ya 100,000 na 350,000. Zipo zinazozidi hapo kwa mbali. Mwaka 2007 pilipili ya India iitwayo Bhut Jolokia ilitambuliwa na Guinness kuwa ya kwanza kupita 1,000,000. Mwaka 2013 ilifuata Carolina Reaper ya Marekani, na mwaka 2023 Pepper X, iliyopimwa wastani wa 2,693,000.

Majina hayo yamewavutia watu wengi kuagiza pakiti za mbegu kutoka nje. Wanaofikiria hivyo wakumbuke mambo mawili. Kwanza, kuingiza mbegu nchini bila kibali na cheti cha afya ya mimea ni kosa, na ni njia ya kuleta magonjwa mapya. Pili, ukali peke yake hauuzi. Mama lishe, mtengeneza achari na mwenye duka la mboga wanataka pilipili wanayoijua, kwa hiyo pilipili mbuzi au kichaa iliyo safi kwa aina yake inatosha kumwanzisha mtu.

Mbegu ya kuaminika

Wengi huanza kwa kununua pilipili kavu sokoni na kuzipukutisha. Njia hiyo ni rahisi lakini ina hatari zake. Pilipili za gunia moja huenda zimetoka kwenye mashamba kadhaa, nyingine zilivunwa kabla ya kukomaa, na nyingine zilikaushwa kwa joto kali lililoua kiini cha mbegu.

Anayenunua mbegu dukani ahakikishe pakiti haijafunguliwa, muda wake wa matumizi haujapita na, kwa Tanzania, ina lebo ya Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI). Asome pia kama ni chotara. Mbegu chotara huzaa vizuri katika msimu wake wa kwanza, lakini mbegu zinazotolewa katika matunda yake hazifanani na mama. Anayetaka kujitunzia mbegu mwenyewe achague aina ya kawaida isiyo chotara.

Pilipili na hoho jirani

Kuna imani kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali, matunda yake huwa makali msimu huo huo. Si kweli. Nyama ya tunda hutokana na mti uliolizaa. Ukali wenyewe haumo ndani ya mbegu kama wengi wanavyodhani, bali kwenye utando mweupe unaozishikilia.

Kinachobadilika ni mbegu. Ua la pilipili huweza kujichavusha lenyewe, lakini nyuki pia hubeba chavua kutoka mti hadi mti. Tabia ya ukali ndiyo inayotawala pale chavua ya pilipili kali inapoingia kwenye ua la hoho. Kwa hiyo mkulima aliyetunza mbegu za hoho zilizokuwa jirani na pilipili kali anaweza, msimu unaofuata, kuwauzia wateja hoho zinazowasha. Wapo waliopoteza wateja kwa njia hii bila kujua kosa lilifanyika lini.

Kinga yake ni nafuu. Chagua miti mitano au zaidi yenye afya, inayozaa sana na yenye matunda yanayofanana. Kabla maua hayajafunguka, funika tawi kwa mfuko mdogo wa kitambaa cha chandarua na kuufunga kwa uzi. Tikisa tawi taratibu kila asubuhi ili chavua idondoke. Vitunda vikishaonekana, ondoa mfuko na uache uzi wa rangi kwenye tawi uwe alama. Matunda yenye alama hayauzwi. Huachwa yaive kabisa.

Kuzitoa na kuzitunza

Tunda la mbegu livunwe likiwa limeiva kikamilifu, liachwe siku chache kivulini, kisha lipasuliwe. Vaa glovu. Asiye na glovu apake mafuta ya kula mikononi kwanza, kwa kuwa kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na akimaliza anawe kwa sabuni. Watoto wasisogee, na mkono usiguse jicho.

Anika mbegu kivulini kwenye sahani au karatasi, mahali penye hewa, kwa wiki moja hadi mbili. Jua kali huziharibu. Mbegu iliyokauka huvunjika inapokunjwa. Ikipinda tu, bado ina maji. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, iliyoandikwa aina na tarehe, mahali pakavu na pasipo joto. Zikitunzwa hivyo hudumu miaka miwili hadi mitatu.

Kabla ya kusia, pima uotaji. Funga mbegu 20 katika kitambaa chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na kukiweka mahali penye joto. Zikiota 16, uotaji ni asilimia 80.

Hesabu hiyo ni fedha. Kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na 60 kati ya miche, ekari moja hubeba miche ipatayo 7,400. Mbegu zikiota kwa asilimia 80 na mche mmoja kati ya kumi ukafa kitaluni, zinatakiwa mbegu zaidi ya 10,000. Uotaji ukiwa asilimia 50, zinatakiwa zaidi ya 16,000 kwa miche ile ile, pamoja na nafasi, maji na muda wa kuzihudumia.

Kusia nyumbani

Kitalu cha pilipili hakihitaji eneo kubwa. Trei, vikombe vya mtindi au chupa za plastiki zilizokatwa na kutobolewa chini vinafaa. Changanya ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Udongo usitoke palipolimwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi mviringo, kwani mazao hayo ni ndugu wa pilipili na huambukizana magonjwa. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka na uache upoe kabisa ili kupunguza vimelea.

Loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Zisie kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, mbegu moja kila tundu, na funika kwa nyasi kavu.

Hapa ndipo uvumilivu unapopimwa. Pilipili hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 ili kuota. Katika hali hiyo pilipili za kawaida huchukua siku 7 hadi 14, lakini jamii ya mbuzi huchukua wiki mbili hadi nne, na zile kali kupindukia huweza kuchelewa zaidi. Wengi hukata tamaa wiki ya pili na kumwaga udongo ambao mbegu zake zilikuwa hai. Wengine huongeza maji wakidhani ndicho kinachokosekana, na mbegu huoza.

Maeneo ya joto kama Tanga, Morogoro na Dar es Salaam hayana shida kubwa. Lushoto, Njombe na Mbeya, hasa Juni na Julai, trei zifunikwe kwa plastiki angavu na usiku ziwekwe ndani, karibu na jiko. Mbegu ambazo hazijachomoza hazihitaji mwanga. Zikishachomoza, ondoa nyasi na plastiki siku hiyo hiyo na uzipe mwanga wa kutosha, la sivyo miche hurefuka, ikawa myembamba na kuanguka.

Adui mkubwa wa umri huu ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata shina la mche usawa wa udongo. Huletwa na msongamano, maji mengi na hewa nzito. Mwagilia asubuhi tu, kwa chombo chenye matundu madogo, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kurudia. Anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa kuwa tumbaku huweza kubeba virusi vinavyoshambulia pilipili.

Kutoka kitaluni

Miche huwa tayari baada ya wiki sita hadi nane, ikiwa na urefu wa sentimita 15 hivi na majani matano au sita. Siku saba hadi kumi kabla ya kuihamisha, punguza maji na kivuli kidogo kidogo ili ikomae. Mche uliodekezwa kivulini huungua siku ya kwanza shambani.

Anayetegemea masika yanayoanza Machi anapaswa kusia mwanzoni mwa Januari au kabla. Hamisha jioni, mwagilia mara moja, na weka matandazo kuzunguka shina. Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi huleta majani mazuri na matunda machache. Joto likizidi nyuzi 35, maua hupukutika. Kagua chini ya majani kila wiki kuona vidukari, vithiripi, inzi weupe na utitiri, na umwone bwana shamba kabla ya kununua dawa.

Soko linaangalia nini

Mnunuzi wa pilipili mbichi anataka matunda ya aina moja, ukubwa mmoja na yenye vikonyo. Kwa anayelenga Ulaya masharti ni makali zaidi. Tangu Januari 1, 2018, pilipili kutoka Afrika zimewekewa masharti maalumu ya kuthibitisha kwamba hazina nondo ambaye viwavi wake hutoboa na kula tunda kwa ndani. Tunda moja lenye kiwavi linatosha kukwamisha mzigo mzima.

Kwa pilipili kavu, tatizo ni sumukuvu, inayotokana na ukungu unaoota kwenye matunda yaliyokaushwa vibaya. Umoja wa Ulaya unaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kilo ya pilipili kavu. Zianikwe juu ya chanja au turubai safi, kamwe si juu ya ardhi tupu, na ziingizwe ndani kabla ya umande kuanguka.

Kwa anayeanza, miche 50 inatosha, nayo inahitaji eneo la mita za mraba 27 tu. Auze matunda, lakini lengo la msimu huo wa kwanza liwe kuijua mbegu yake: iliota kwa asilimia ngapi, ilichukua siku ngapi, miti mingapi ilifanana na ni ipi ilizaa zaidi. Yote yaandikwe kwenye daftari. Mbegu za miti ile bora, zilizofunikwa na kuwekewa alama, ndizo za kusia kwa ajili ya robo ekari msimu unaofuata. Akifika hapo ndipo azungumze na mnunuzi kuhusu kilo, akiwa na sampuli mkononi na uhakika wa kitakachotoka shambani.