Leseni ya Lori na Tajiri wa Kwanza

Miongoni mwa kazi ambazo wahamiaji wa kutoka Kongo, Burundi na nchi za Afrika ya Mashariki huzikimbilia wafikapo Marekani, udereva wa malori makubwa umekuwa na mvuto mkubwa, kwani hauulizi shahada ya chuo, hudai wiki chache tu za masomo, na ujira wake, hata katika mwaka wa kwanza, aghalabu huupita ule wa kupanga mizigo ghalani au kuwahudumia wazee majumbani. Hayo yote ni kweli. Walakini liko jambo ambalo mawakala wa makampuni, wapitao mashuleni kuwavuta wanafunzi hata kabla hawajajua kulirudisha trela nyuma, hawalitaji: kwamba leseni ni idhini tu ya kuanza kujifunza, na kwamba mwalimu wa kweli wa dereva mpya ni tajiri atakayemwajiri kwanza, awe mwema au mwovu.

Sheria yenyewe yashuhudia hayo. Tangu tarehe 7 Februari 2022, kila atakaye kwa mara ya kwanza leseni ya daraja A, yaani ile ya kuendesha kichwa na trela ambavyo uzito wake kwa pamoja ni pauni 26,001 au zaidi, na trela peke yake likipita pauni 10,000, sharti asome kwa mwalimu aliyeandikwa katika daftari la serikali kuu. Naye hupimwa nadharia, ambamo hana budi kupata alama 80 katika mia kwa uchache. Lakini kuhusu saa za kushika usukani, sheria hiyo haikuweka kima cha chini hata kimoja, bali imemwachia mwalimu aamue kwa insafu yake kwamba mwanafunzi ameiva. Ndiyo maana shule mbili zinazotoza ada moja zaweza kutofautiana kabisa: katika moja kila mwanafunzi huendesha mpaka akachoka, na katika nyingine wanne hupandishwa lori moja, mmoja akaendesha na watatu wakatazama madirishani. Kwa hivyo atafutaye shule asianze kwa kuuliza ada, ambayo mara nyingi ni baina ya dola 4,000 na 8,000, bali aulize: mimi mwenyewe nitashika usukani kwa muda wa saa ngapi, na tutakuwa wangapi ndani ya lori? Aulize pia habari ya giya, kwani afanyaye mtihani kwa lori la giya za kujibadili hupewa leseni yenye kizuizi, asiweze kuendesha lori la giya za mkono mpaka apimwe tena.

Mtihani una sehemu tatu, nazo ni kulikagua gari, kuliongoza kiwanjani, na kuliendesha barabarani. Na haufanywi mpaka mwanafunzi awe amekaa na kibali cha mafunzo siku 14 kwa uchache. Wengi huiogopa barabara, ilhali kwa asiyekulia katika Kiingereza ukaguzi ndio mlima wenyewe, maana humpasa kusimama mbele ya mtahini na kutaja kiungo baada ya kiungo, akikigusa na kueleza nini kingeweza kuwa kibovu. Hebu tutazame breki za upepo peke yake. Mwanafunzi huzima injini, huwasha swichi, huachia breki za kuegesha, kisha huikanyaga pedali na kuishikilia kwa dakika nzima, macho yakiwa kwenye geji: kichwa na trela vikipoteza zaidi ya pauni 4 za upepo kwa inchi ya mraba katika dakika hiyo, gari halina ruhusa ya kutembea. Halafu huikanyaga na kuiachia, huikanyaga na kuiachia, upepo ukipungua kila mara, mpaka taa na kengele ya onyo viamke. Naye huendelea vivyo hivyo mpaka vitufe viwili vya breki, cha manjano na chekundu, vichomoke vyenyewe kwa kishindo mahali baina ya pauni 20 na 45. Akosaye katika kipimo hiki hufeli papo hapo, hata kama mengine yote ameyajibu kama mwana chuoni asomaye juzuu aliyoihifadhi. Ama kiwanjani, shani iliyopo ni kwamba usukani hugeuzwa kulia ili mkia wa trela uende kushoto, na trela la futi 53, karibu mita 16, halimsamehe mwenye haraka. Nasaha ya waalimu ni moja: ukishuku, shuka ukatazame.

Kiingereza chenyewe kimekuwa sharti zito zaidi. Kanuni ya kwamba dereva aweze kuzungumza na watu na kusoma alama za barabarani ni ya miaka mingi, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa mbele ya mkaguzi huondolewa kazini pale pale, lori likabaki limesimama. Na mwenye hati za ukaazi za muda na aende kwanza katika ofisi ya leseni ya jimbo lake akaulize, kabla hajatoa hata dola moja ya ada, kwani masharti ya watu wa namna yake yamekazwa tangu mwaka huo. Pia mtu yeyote asijidanganye kwa kuwa bangi imehalalishwa katika jimbo lake: kwa dereva wa lori ni haramu katika majimbo yote, na anayekutwa nayo katika kipimo huandikwa katika daftari la taifa ambalo kila kampuni hulitazama kabla ya kuajiri.

Sasa tumfikie tajiri. Asiye na fedha za ada hukaribishwa na makampuni makubwa yenye shule zao, ambayo husema mafunzo ni bure. Na kwa hakika mwanafunzi hatoi kitu siku ile. Hutia saini tu. Katika mkataba huo aghalabu huahidi kuitumikia kampuni kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja, na akiondoka kabla, deni la maelfu ya dola humwandama. Mimi siulaumu mpango huo, kwa kuwa umewatoa wengi katika dhiki; lakini ninavyoona, asiyeusoma mkataba kwa makini kuliko alivyokisoma kitabu cha leseni amejifunga kamba mwenyewe. Je, deni hupungua kila mwezi anaofanya kazi, au hubaki zima mpaka siku ya mwisho? Je, ikiwa tajiri ndiye aliyemfukuza, bado atadaiwa? Na kazi isipopatikana, nani huihesabu miezi ile? Majibu yawe yameandikwa, kwani ahadi ya wakala haina shahidi.

Baada ya hapo huja habari ya ujira, ambayo ndiyo iliyojaa ghiliba. Madereva wa safari ndefu kwa kawaida hulipwa kwa maili, na tangu 1938 sheria ya kazi ya Marekani imewaacha wengi wao nje ya malipo ya ziada ya saa zinazopita 40 kwa wiki. Mathalan, anayelipwa senti 55 kwa maili, akienda maili 2,500 katika wiki, hupata dola 1,375 kabla ya kodi. Lakini akiambiwa angoje saa sita katika ghala la mteja ili apakuliwe, huenda asipate kitu, ilhali saa zake zapita. Kwani dereva huruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14 tangu alipoanza kazi, kisha hupumzika saa 10, na tangu Desemba 2017 chombo cha elektroniki kilichofungwa ndani ya lori huandika kila dakika. Fauka ya hayo, yako makampuni yanayohesabu maili kwa jedwali la njia fupi ya ramani, si kwa njia lori lilipopita kweli, hata dereva akajikuta amesafiri maili nyingi asizolipwa. Basi senti 50 za kampuni yenye mizigo ya uhakika na malipo ya kungoja ni bora kuliko 60 za kampuni isiyo na vyote viwili.

Jambo jingine geni kwetu ni kwamba huko hakuna utingo. Dereva yu peke yake na mzigo wake, isipokuwa wiki za mwanzo, ambapo hulala ndani ya kichwa, kitanda juu ya kitanda, pamoja na mkufunzi asiyemjua. Na mkufunzi huyo, katika makampuni mengine, ni mtu aliyemaliza shule miezi michache tu nyuma, naye hunufaika kwa maili wanazokwenda wote wawili, hivyo hana sababu kubwa ya kusimama afundishe. Kampuni isiyotaka kutaja mkufunzi wake ana miaka mingapi barabarani imekwisha jibu.

Kuna na mtego wa kununua lori kwa kukodisha, ambapo dereva mgeni huambiwa kwamba atakuwa bwana wa nafsi yake, kumbe malipo ya lori, mafuta na matengenezo hukatwa katika ujira wake kila wiki, na mizigo yote yatoka kwa yule yule aliyemkodisha. Mwanazuoni Steve Viscelli, aliyejifunza udereva na kuufanya mwenyewe kabla ya kuandika kitabu chake cha 2016, alieleza kwa urefu namna madereva wanavyonaswa humo. Na Januari 2025 jopo lililoundwa kwa amri ya bunge la Marekani lilipendekeza mipango hiyo ipigwe marufuku. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza, jibu ni moja: hapana.

Kwa bahati njema, tajiri naye hupimika. Kila kampuni inayovuka majimbo ina namba ya Idara ya Uchukuzi iliyoandikwa ubavuni mwa lori, na mwenye kuiingiza katika tovuti ya serikali iitwayo SAFER huonyeshwa bure ajali zake za miezi 24 na asilimia ya malori yaliyozuiwa kwa ubovu, kando ya wastani wa taifa. Wewe unayekusudia safari hii, itazame namba hiyo, uombe nakala ya mkataba ukalale nayo usiku mmoja nyumbani, na ukinyimwa, ondoka. Na ukishaajiriwa, ujue kwamba tajiri akikufukuza kwa sababu umekataa kuendesha kupita saa za sheria, unalindwa na sheria ya 1982, na malalamiko yako sharti yafike katika Idara ya Kazi kabla ya siku 180 kupita.