Nani Atausoma Ujumbe wa Uzi wa Kioo?

Kutoka uani kwangu hapa Karen, ukungu unapoinuka asubuhi, huiona mitambo ya upepo ya KenGen juu ya vilima vya Ngong ikizungusha mapanga yake meupe. Kwa miaka mingi nimeitazama kama mpenzi wa mandhari tu. Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, aliniuliza: "Mjomba, utajuaje kwamba panga lile lina ugonjwa?" Nikamjibu kwamba ufa utaonekana. Akacheka, kwa adabu, lakini akacheka.

Panga lile si chuma. Ni nyuzi za kioo zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Tuiite maada mseto. Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya udongo anaifahamu vyema: fito hubeba uzito, udongo huzishika fito. Anayajua pia maradhi yake. Ukuta hupigwa lipu ukapendeza, kumbe mchwa wamekwisha kuzitafuna nguzo. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Nyundo ikiliangukia panga, uso waweza kubaki laini ilhali ndani matabaka yamebanduka.

Dawa mojawapo ni kuuzika ndani ya matabaka hayo, wakati wa kuyaunda, uzi wa kioo wa jamii ile ile ituleteayo intaneti, unene wake kama thumni ya milimita. Ndani ya uzi huchorwa alama ndogo mno. Mwanga ukipitishwa, kila alama hurudisha rangi yake moja tu. Uzi ukivutika, rangi hiyo husogea kidogo. Ken Hill na wenzake waligundua jambo hili huko Ottawa, Kanada, mwaka wa 1978. Matabaka yakibanduka, mzigo hubadili njia, na uzi ulio karibu huvutika kuliko ilivyokuwa desturi.

Hapo ndipo mimi, mtu wa isimu, nilipokaa kitako. Rangi ile husogea pia joto linapopanda! Ishara moja, maana mbili. Ni kama neno "paa": juu ya nyumba, mnyama wa porini, au kwenda angani? Sisi huuliza muktadha. Wahandisi nao huweka uzi wa pili mahali pale pale, usiobanwa na chochote, ili uhisi joto peke yake. Kisha hutoa moja katika nyingine. Ama uzi wenyewe si malaika. Ni mnene kuliko nyuzi zinazouzunguka, na ukilazwa vibaya huacha kidimbwi cha gundi, yaani udhaifu mpya.

Lakini tuseme ishara imefika, na maana yake ni wazi. Je, kuna msomaji? Chombo cha majini kiitwacho Titan, chenye kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, kilikuwa na vihisi, ingawa si vya mwanga. Mwezi Julai 2022, baada ya kupiga mbizi, kishindo kikubwa kilisikika, na takwimu za vihisi zikabadilika. Wenyewe wakaendelea kukitumia. Tarehe 18 Juni 2023 kilipondeka karibu na mabaki ya Titanic, na watu watano wakafa.

Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mradi uliozinduliwa mwaka wa 2019 una mitambo 365, kila mmoja mapanga matatu. Hayo ni mapanga 1,095 katika jangwa lenye upepo mkali. Hata kama kila moja lingekuwa na uzi wake, angehitajika mtu wa kukaa na kusoma, tena anayejua kutofautisha joto na jeraha. Mtu huyo yumo madarasani mwetu sasa hivi, walimu wenzangu, naye hufundishwa fizikia na mwalimu mmoja na maana na mwingine, kana kwamba hao wawili hawajuani.

Mpwa wangu amerudi chuoni. Mimi napendekeza "mbanduko" kwa ule ugonjwa wa matabaka. Yeye anashikilia "mwachano". Bado tunaandikiana.