Pilipili Haimpi Mbwa Pua

"Daktari, nimchanganyie pilipili kiasi gani?" Karibu kila mtoto wa mbwa mwenye masikio marefu akiwekwa kwenye meza yangu, swali hilo huja nyuma yake. Muuzaji ameshamwambia mteja kwamba pilipili kichaa ya kusaga, ikikorogwa kwenye ugali asubuhi na jioni, hufungua pua ya mbwa wa kunusa na kumpa ukali. Mteja anataka kipimo tu. Kipimo sitoi, na kwa kuwa swali haliishi, nalijibu hapa kwa wote mkoani Arusha, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River.

Kwanza muelewe mnyama mliyemnunua. Bladihaundi ametokana na mbwa wa watawa wa Mtakatifu Hubert, huko milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Kwa karne nyingi amechaguliwa kwa mambo mawili: pua isiyochoka na tabia ya kuvumilia watu. Dume huweza kuzidi kilo 45, na sauti yake nzito humtisha asiyemjua, lakini mgeni akiingia getini, mbwa huyu humwendea akamnusa na kumwegemea. Bigo, nduguye mdogo wa kilo kumi na kitu, naye ni hivyo hivyo. Mbwa wenu hana kasoro yoyote. Hiyo ndiyo asili yake, na ndiyo iliyomfanya awe na thamani.

Tazameni wanaomtumia kwa kazi. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, askari wa wanyamapori wana kikosi cha bladihaundi cha kufuatilia majangili wenye bunduki. Mara Conservancy kule Kenya nao wametumia mbwa wa aina hii. Hakuna mahali kati ya hapo ambapo mbwa hutakiwa kuuma. Kazi yake ni kuinamisha kichwa, kushika harufu ya mtu mmoja na kuwavuta askari hadi ilipoishia. Kukamata ni kazi ya binadamu. Hata hapa kwetu, Usa River, ambako shirika la uhifadhi wa wanyamapori la AWF limekuwa likifundisha mbwa wa kubaini pembe za ndovu bandarini na kwenye viwanja vya ndege, mbwa aliyepata mzigo hufundishwa kukaa chini na kutulia. Kama ukali ungeongeza kunusa, hawa wangekuwa wa kwanza kuutafuta.

Sasa pilipili yenyewe. Ndani ya pua ya mbwa hewa hugawanyika njia mbili. Sehemu kubwa huelekea mapafuni. Sehemu nyingine huingia kwenye chumba cha nyuma chenye mifupa myembamba iliyojikunja, na juu yake kuna ngozi laini yenye vipokezi vya harufu. Kwa bladihaundi vipokezi hivyo hukadiriwa kufika milioni 300, wakati binadamu ana milioni tano au sita. Harufu haigusi kipokezi ikiwa kavu. Lazima kwanza iyeyuke kwenye utando mwembamba wa ute, ndipo neva zipate habari. Mbwa anaponusa huvuta pumzi fupi fupi, mara kadhaa kwa sekunde moja, na hewa anayoitoa hupitia mipasuo ya pembeni mwa pua ili isiipeperushe harufu iliyo mbele.

Kitu kinachowasha ndani ya pilipili ni kapsaisini. Haikutani kabisa na vipokezi vya harufu. Inashika neva za maumivu, zile zile zinazoshtuka ukigusa sufuria ya moto. Mbwa aliyekula pilipili anaungua mdomoni, kooni na tumboni, na unga uliopanda puani wakati anakula unachoma pale pale. Ngozi ya ndani inavimba. Ule ute mwembamba unageuka makamasi mazito. Mbwa anapiga chafya, anahema kwa mdomo, na mbwa anayehema kwa mdomo hanusi sawasawa. Mmetoa fedha kununua pua, halafu mnaizika kwa kijiko.

Tumbo nalo lina lake. Kutapika na kuhara humkausha mnyama, na mwili uliokauka hauwezi kutunza utando wa pua. Najua mtu atasema, "Lakini daktari, wa jirani alipewa na kweli akawa mkali." Alichokiona jirani ni mnyama anayezunguka, anayenguruma na asiyetaka kuguswa. Hayo ni maumivu, na nimeshachoka kuona yakipongezwa. Mbwa hajui kwamba moto umetoka kwenye pilipili. Anajua umekuja na bakuli, na bakuli limeletwa na mkono wa mtu wa nyumbani. Kwa hiyo hamngoji mwizi wa saa nane za usiku. Anamuuma mtoto aliyepita karibu na chakula chake mchana. Mkoa wetu bado una kichaa cha mbwa, na kila jeraha la namna hiyo ni safari ya hospitali: oshea sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachomwe chanjo siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako.

Na msihamie kwenye bangi, nyama mbichi yenye damu, au kumfungia gizani mchana kutwa. Nyama mbichi huleta minyoo, haileti ujasiri. Bangi humlevya na kumwangusha. Giza humjaza hofu, na hofu huishia kwenye meno. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtesa mnyama ni kosa, hata mtesaji akiita mateso hayo mafunzo.

Pua inasaidiwa na mambo ya kawaida. Maji safi muda wote. Mazoezi alfajiri, wakati umande wa Meru bado uko kwenye majani, kwa sababu chembe za ngozi zinazodondoka kutoka kwa mtu hudumu zaidi penye unyevu. Saa saba mchana, kwenye vumbi lililochomwa na jua, hata bladihaundi bora hutaabika. Anza na mtoto wa nyumbani kujificha mita 50 tu, mbwa anuse fulana yake, amtafute, apewe zawadi. Ongeza umbali na muda taratibu. Mvalishe mkanda wa kifuani na kamba ndefu, kwa maana akishashika harufu hasikii jina lake, na barabara ya Moshi haimsubiri.

Yaliyobaki nayataja haraka. Masikio yale yanayoning'inia hayapitishi hewa: yafunue na kuyasafisha kila wiki, na yakinuka au yakitoa uchafu wa kahawia, mlete. Futa mikunjo ya uso na macho kwa kitambaa kibichi. Dhidi ya kupe tumia vidonge, matone au mkanda wa shingoni uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Oili chafu ya gari ni sumu, na dawa ya josho la ng'ombe haipimwi kwa macho. Mbwa mwenye kupe, fizi zikipauka na mkojo ukawa na rangi ya chai, usingoje kesho. Ukimpeleka Simanjiro au pembezoni mwa Tarangire kuna mbung'o waenezao nagana, na sindano yake ipimwe kwa kilo za mbwa, kwani dozi ikizidi huharibu ubongo. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe: sumukuvu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 humaliza ini la mbwa. Bladihaundi mpe chakula mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, bila mbio baada ya kula. Tumbo likivimba kama ngoma huku akijaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo limejipinda. Ana saa chache tu kabla ya kufa, na tiba ni upasuaji. Pavo na distempa achanjwe utotoni, kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo.

Na kama haja yako tangu mwanzo ilikuwa ulinzi wa geti, mwache bladihaundi kwa mwenye nafasi na muda wa kumtembeza. Chukua mbwa wawili wa kienyeji waliochanjwa, wanaolishwa vizuri na wanaolala nje ya nyumba bila mnyororo. Watabweka kabla mgeni hajagusa komeo.