Kilima cha Mwisho Kiko Wapi?

Wajukuu zangu wa Unyambwa, leo nawapeleka Italia. Tarehe ni 17 Mei 2022, hatua ya 10 ya mashindano ya baiskeli yaitwayo Giro d'Italia. Waendeshaji wanaondoka Pescara, mji wa pwani, kwenda Jesi, kilomita 196. Nusu ya kwanza barabara inafuata bahari, haina shida. Nusu ya pili ni vilima: unapanda, unashuka, hujavuta pumzi unapanda tena. Kilima cha mwisho kinaitwa Monsano, na ukishakimaliza zinabaki chini ya kilomita 10 kufika mstarini.

Asubuhi ileile watu watatu wamechomoka, wametangulia. Nyuma yao linakuja kundi kubwa, na ndani ya kundi yumo kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Asmara huko Eritrea, jina lake Biniam Girmay.

Hapo nasimamisha hadithi. Kabla sijaendelea, niambieni: nani atashinda? Wako wenye kasi, watu wa misuli mikubwa, ambao wakifika mita 200 za mwisho wakiwa ndani ya kundi hakuna wa kuwagusa. Na wako wachomokaji, wanaojua kwamba kwenye mbio hizo fupi hawana lao, hivyo lazima waondoke mapema na wafike peke yao. Siku ya tambarare kila mtu anajua wenye kasi watashinda. Siku ya milima mirefu kila mtu anajua hawatashinda. Ila siku ya vilima, hata makocha wanabishana tangu kwenye chai ya asubuhi, na mimi siku hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Kujibu, tuanze na upepo. Nyie mnaokwenda shule kwa baiskeli hapa Singida hamhitaji kufundishwa upepo ni nini. Mnajua ukiukabili unavyokurudisha nyuma, na mnajua ukijificha nyuma ya mwenzako miguu inavyopata nafuu. Hesabu yake iko hivi: mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Ndiyo maana kwenye tambarare, watu wakienda kilomita 45 kwa saa, anayekaa nyuma ya mwingine anaokoa robo, hata theluthi ya nguvu zake. Kundi la watu mia na zaidi wanaopokezana kukata upepo lina nguvu ambazo watu watatu hawawezi kuwa nazo. Mfaransa mmoja, Robert Chapatte, aliyekuwa mwendeshaji kisha akawa mtangazaji, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: kundi likiamua kufukuza kweli, linapunguza dakika 1 kila kilomita 10. Waliotangulia wakiwa na dakika 3 na zimebaki kilomita 40, basi wameshakamatwa, ni suala la muda tu.

Lakini kanuni ya Chapatte ni ya tambarare. Barabara ikiinuka, mwendo unashuka hadi kilomita 20 kwa saa au chini yake, na kujificha nyuma ya mtu hakukusaidii sana tena. Sasa adui si hewa, ni uzito. Mwenye kasi anaweza kuwa na kilo 80, mpanda milima kilo 62. Tofauti ni kilo 18, karibu debe moja la mahindi, na debe hilo analipandisha kila kilima, kutwa nzima, wala hapewi ruhusa ya kulitua.

Hapa wengi hukosea. Huangalia ukali wa kilima na kusahau urefu wake. Kilima kikali cha dakika moja mwenye kasi anakivuka kwa misuli yake, maana misuli hiyo imeumbwa kwa kazi fupi. Tena ana ujanja: anaingia kilimani akiwa mbele kabisa ya kundi, halafu wengine wanampita mmoja mmoja, na kilima kinaisha yeye bado yumo mkiani. Kilima cha dakika 10 au 15 ni kesi nyingine. Hakina hata haja ya kuwa kikali; atapitwa na wote, ataachwa, na ujanja wake wote utakuwa umekwisha.

Kwa hiyo mkipewa ramani ya hatua ya vilima, jambo la kwanza kutafuta ni kilima cha mwisho: kina urefu gani, na kiko umbali gani kutoka mstarini. Kikiwa na kilomita 50 za tambarare mbele yake, walioachwa wana nafasi ya kurudi. Zikibaki 5 tu, hawana.

La pili ni la kibinadamu, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko ramani: nani anataka kufukuza? Kundi halifukuzi lenyewe. Lazima timu fulani itoe watu wake wakaumie mbele kwa ajili ya mwenzao. Kama kila mwenye kasi ameshaachwa, nani atajichosha? Waliotangulia wataachiwa. Ila ikiwepo timu moja yenye mtu mwenye kasi anayeweza pia kupanda, timu hiyo itafukuza hadi tone la mwisho.

Haya, turudi Jesi. Vilima viliwachuja wenye kasi wazito, mmoja baada ya mwingine wakaachwa. Girmay hakuachwa. Alikulia Asmara, mji ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na mwili wake si wa kilo 80. Waliotangulia wakakamatwa. Wengine wakajaribu kuchomoka kwenye vilima vya mwisho, na hapo akajitokeza mwenzake wa timu, Domenico Pozzovivo, Mwitaliano mdogo wa umbo aliyekuwa na miaka 39, mpanda milima hodari. Siku hiyo aliacha mambo yake, akakaa mbele kumfanyia kazi kijana wa Eritrea. Zikabaki mita mia chache. Girmay akafyatuka mapema, Mathieu van der Poel wa Uholanzi akamfikia ubavuni, wakaenda sambamba, kisha van der Poel akakata tamaa, akaketi, akamwinulia kidole gumba. Girmay akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano matatu makubwa ya baiskeli duniani. Kwenye jukwaa la ushindi kizibo cha chupa kilifyatuka kikampiga jichoni, na kesho yake hakuweza kuendelea. Miaka miwili baadaye, mwaka 2024, alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani, ile ya mshindi wa pointi.

Msije mkadhani kundi hushinda daima. Malori mnayoyaona yakipita Singida kwenda Nzega, Kahama na Rusumo, mengine hufika Kigali. Huko, tarehe 28 Septemba 2025, zilifanyika mbio za wanaume za mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyokuja Afrika kwa mara ya kwanza. Kilomita 267.5, na jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475, pungufu kidogo tu ya urefu wa Kilimanjaro. Vilima vyenyewe havikuwa virefu sana isipokuwa Mlima Kigali, lakini vilirudiwa na kurudiwa, kimojawapo kikiwa cha mawe. Vilima vikiwa vingi hivyo, wafukuzaji huisha. Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, na hakuna timu iliyokuwa na watu wa kutosha kumrudisha. Akashinda peke yake. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30.

Sasa fumbo lenu. Tuseme mashindano yanatoka Igunga kuja Singida mjini. Waendeshaji watapanda Sekenke, mlima mrefu ambao hata malori hunguruma kuupanda. Wenye kasi wataachwa pale, hilo halina ubishi. Lakini kutoka juu ya Sekenke hadi mjini kuna safari ndefu ya nyanda za juu, na upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki, yaani utawapiga usoni. Aliyechomoka peke yake atautafuna upepo wote mwenyewe, walioachwa watapokezana. Mimi nawapa wenye kasi, kama timu zao zitakubali kufukuza. Mstari ukihamishiwa juu ya Sekenke, nabadilisha jibu palepale. Na mashindano yakigeuzwa, yakatoka Singida kwenda Igunga, upepo ukiwa mgongoni na Sekenke ikiwa ya kushuka? Chukueni penseli, mchore barabara, kisha mniambie nani atashinda na kwa nini.